Vitanzi Vilivyofungwa Jikoni

Mwanangu Njeru,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Wale fuko wa shamba la Mama Mwenda, wale uliowapanga kando ya njia asubuhi ile Mzee M'Ikiara alipokuona, wengi wao hawakunaswa na vitanzi ulivyofunga wewe. Vilikuwa vyangu. Kila jioni ulipomaliza kutega na kurudi jikoni kuota moto, mimi nilichukua panga nikasema nakwenda kukata nyasi ya ng'ombe. Nyasi nilikata, lakini kidogo. Halafu nilipita kwenye mitego yako, mmoja baada ya mwingine, nikafungua vifundo vilivyolegea na kuvifunga upya, nikafunika mashimo vile ulivyonifundisha. Nikarudi nyumbani na mzigo mdogo wa nyasi, hadi mama akauliza kama siku hizi nyasi inakatwa kwa meno.

Nimefanya hivyo karibu msimu wote huu wa mvua. Sasa Mzee M'Ikiara amekuita Ruiri ukamtegee fuko wanaomlia viazi, ukae huko mpaka avune. Unaondoka kesho. Mimi sitakuwa huko jioni na panga langu, na ndiyo maana naandika.

Utashangaa kuona neno mwanangu. Tangu nilipozaliwa nikapewa jina la mama yako, Igoki, wewe baba yangu umeniita mama. "Mama, umeamka?" "Mama, njoo ule." Wasichana wengine waliopewa majina ya nyanya zao huwajibu baba zao bila hata kufikiri, ndiyo mwanangu, kula mwanangu, watu wanacheka na siku inaendelea. Mimi sijawahi. Majirani wamenichokoza tangu nikiwa mdogo. "Mama Njeru, mwanao ana matope mpaka masikioni, mbona humwogeshi?" Nami nilikimbilia nyuma ya mlango. Aibu yangu unaijua. Hata darasani, nikijua jibu, mkono ulikataa kuinuka. Nimemaliza kidato cha nne na kuna walimu walionifundisha ambao hawajui sauti yangu.

Kwa hivyo nakuandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ya Kiembu nikianza kuyaandika nayasikia yakitoka kinywani mwangu na kalamu inasimama. Kiswahili ni cha shule. Katika karatasi ya shule ninaweza kusema.

Sasa hivi umekwenda kuagana na watu wa kanisa. Mama anakunja mashati yako na kukuwekea unga wa uji, na yeye ndiye atakayekuambia ule nini, ulale wapi, ukishukia Meru usimame upande gani kungoja gari la Ruiri. Hayo simwingilii. Kwa hesabu ya jina langu yeye ni mkaza mwanangu, lakini akisikia nikimwita hivyo atanipiga na mwiko.

Mimi nataka kuzungumza juu ya mikono yako tu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka kutega? Nilikuwa darasa la tatu. Kulikuwa na wageni nyumbani, wale wa maombi, na kila mmoja alitaka nimsalimie na kumwambia nimekuwa namba ngapi. Nilijificha kwenye kibanda cha mbuzi. Ulinifuata huko, hukunivuta, ulichuchumaa tu mlangoni ukasema, "Mama, twende kwa watu wasioongea."

Tukaenda kwenye viazi vitamu. Kulikuwa na rundo la udongo mbichi, bado unatoa mvuke. Ulilifukua mpaka ukapata njia ya fuko, ukaniambia niingize mkono. Humo ndani mlikuwa baridi na laini, kama ndani ya mtungi. Ukanieleza kwamba fuko hapendi upepo nyumbani kwake. Akisikia njia yake imefunguliwa anakuja kuiziba, na akija anakuta uzi umekatiza njia. Anaukata kwa meno ili apite. Uzi ukikatika, ufito ulioupinda pale juu unaruka, na kitanzi cha waya kinambana.

"Na asipoukata?" nilikuuliza. Nadhani hilo ndilo swali refu zaidi nililokuwa nimeuliza mwaka ule.

"Basi anarudi kula viazi vyetu, na anatucheka."

Ndipo ukanionyesha uzi wenyewe, uzi wa mgomba. Ukiwa mkavu unakatika kwa jino moja la fuko. Ukilowa unakuwa mgumu kama kamba ya kiatu, naye anausukuma pembeni tu. Uliniambia mvua ikinyesha juu ya mtego haidhuru, kwa sababu mtego umefunikwa udongo. Maji yanayoharibu kazi ni yale yaliyo kwenye vidole vya mtegaji. Ukatoa ule mfuko mdogo wa kitambaa wenye vumbi la chini ya ghala, mahali ambapo mvua haijafika tangu ghala lijengwe, ukajipaka vumbi mikononi kama mtu anayepaka unga, kisha ukanipaka mimi. Mikono yetu ikawa mikavu, na harufu ya sabuni ikaisha. Tangu siku hiyo siku ya kutega sinawi kwa sabuni, na shuleni matroni alinipigia kelele kwa ajili hiyo hata wakati hakuna fuko wa kutega.

Uliketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana, ukafunga kifundo polepole ili nione. Nilifuata mikono yako kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kwa sababu hiyo changu kilitoka kimegeuka. Chako huzungukia kushoto. Changu huzungukia kulia. Ulikishika ukakitazama, nikajua utasema nimekosea.

"Mama amefunga kinyume," ulisema, "lakini kinashika. Usikibadilishe."

Sijawahi kukushukuru kwa maneno hayo. Watu wengi wamenirekebisha kwa nia njema, niongee kwa sauti, niinue kichwa, nisimame katikati ya watu. Wewe uliniachia kifundo changu. Asante, mwanangu.

Sijui ni lini mikono yako ilianza kuchoka. Nadhani niliona mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, siku ya wazazi, ila sikuelewa nilichokiona. Ulikuja koti likiwa wazi, manyunyu yakikupiga kifuani. Baba za wengine walikuwa wamefunga vifungo hadi shingoni. Nilikuonea hasira kidogo. Ulinipa mkate na ndizi, ukaniuliza kama blanketi linatosha, kisha mikono ukairudisha mfukoni na hukuitoa tena, hata mwalimu mkuu alipopita akisalimia wazazi. Ulimwinamia tu kichwa. Msichana wa kitanda cha jirani aliniambia, "Babako anaringa."

Likizo ilipofika ndipo nilipomwona mama asubuhi akikufunga vifungo vya shati. Wewe umesimama, yeye anafunga, kama vile ni kazi ya kila siku kama kukama. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Miaka yote hiyo ya udongo baridi, asubuhi na jioni, ndiyo iliyoninunulia sare na vitabu, na sasa ncha za vidole vyako zilikuwa zimepauka na kufa ganzi kila mvua ikianza.

Nilipomaliza shule nikasema moyoni, sasa nina wakati. Unajua jinsi nilivyoanza vibaya. Nilikupaka mafuta ya kukamulia, yale ya kwenye mkebe wa ng'ombe, kwa sababu niliona maji yanateleza juu yake. Maji yaliteleza kweli. Na vifundo pia viliteleza, na fuko wote wa shamba la Mama Mwenda waliziba mashimo yao wakahamia upande wa pili wa mfereji. Uliporudi mikono mitupu hukunifokea. Ulisema, "Mama, fuko wanasema asante kwa manukato, lakini leo hawaendi harusini."

Halafu nikakufunga karatasi za nailoni mikononi, na raba kwenye vifundo vya mkono. Mama Mwenda alikuona ukipita akasimama na jembe lake.

"Njeru, unaenda kumtega fuko ama kumpasua?"

"Nitampasua akikataa kutoka," ulimjibu, ukapita ukiwa umeinua mikono juu kama daktari.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini ulipozivua jioni, vidole vilikuwa vimelowa jasho na kukunjamana, vibaya kuliko siku ya mvua bila karatasi. Ulizianika kwenye kamba ukasema zitatumika kufunikia miche. Hukusema hazifai. Hujawahi kuniambia kitu changu hakifai, na ndiyo maana nilithubutu kujaribu tena.

Na sasa ile jioni. Siku hiyo nilikwenda kweli kukata nyasi, upande wa chini ya miti ya Mama Mwenda. Mvua ilikuwa imepungua. Nilikuona umekaa kwenye matope, miguu umeinyoosha, mikono umeitia kwapani. Ulikaa hivyo muda mrefu. Kisha ukachukua uzi, ukashika ncha moja kwa meno, ukajaribu kukaza kifundo kwa meno na kiganja. Kilifunguka. Ukajaribu tena, kikafunguka. Mara ya mwisho ulikiacha hivyo hivyo, ukafunika shimo, ukasimama kwa kushika mti, ukaenda.

Nilingoja hadi usionekane. Nilijifuta mikono kwenye nywele zangu chini ya kitambaa, kwa sababu sikuwa na vumbi la ghala, nikafukua mtego wako nikafunga upya. Nikafunga na wa pili, na wa tatu.

Asubuhi ulirudi ukipiga mluzi, na fuko wawili mkononi. Uliwarusha mbele ya jiko ukasema, "Mama! Vidole vimerudi!"

Ungesema nini hapo, mwanangu, kama ungekuwa mimi? Ulikunywa chai ukiwa umesimama. Ulimsimulia mama jinsi ulivyofunga, na jinsi baridi isivyo kitu kwa mtu aliyezoea. Mama alinitazama, mimi nikatazama chungu. Jioni yake nikachukua panga.

Sikufanya kwa sababu nilifikiri huwezi. Nilifanya kwa sababu miaka hii watu wameanza kumwaga dawa kwenye mashimo na mlango wetu umekuwa kimya. Mama Mwenda peke yake ndiye aliyekuita, na niliogopa akiona mashimo mapya kila asubuhi atanunua dawa na yeye. Wewe hukuwa na kazi nyingine unayoipenda. Nilitaka uendelee kupiga mluzi.

Kisha Mzee M'Ikiara akaja kutoka Ruiri kumwona binti yake. Mama Mwenda hakuwa ametuambia kwamba baba yake ana mashamba makubwa ya viazi. Tulimwona tu mzee wa koti zito na kofia, amesimama kando ya njia, anahesabu fuko kwa ncha ya bakora.

"Hawa wote ni wa usiku mmoja?"

"Wa usiku mmoja, mzee."

"Huko kwetu wanakula viazi yangu kama wamealikwa. Nilileta kijana na dawa. Dawa ikaua kuku, fuko wakanenepa." Alikutazama juu mpaka chini. "Hebu mikono."

Ulinyoosha mikono. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, nyasi kichwani, na nilitamani ardhi inifunike na mimi kama mtego. Aliigeuza, akaona nyufa, akaona makovu ya waya.

"Hii ni mikono ya kazi," alisema. "Unatega na nani?"

"Na binti yangu," ulimwambia. "Yule pale amejificha. Ndiye mama yangu."

Wakacheka wote. Mzee akanipungia bakora. "Basi mama yako akikuruhusu, uje Ruiri kabla viazi haijaisha."

Sikuwahi kukuona umesimama wima namna ile. Tuliporudi nyumbani ulipitia njia ndefu, ya dukani, na kila aliyekuuliza habari ulimwambia habari ni Ruiri. Nami nilitembea nyuma yako na nyasi yangu, nikijua kwamba umeitwa kwa mikono ambayo nusu yake ni yangu, na kwamba huko ukishindwa watakurudisha mbele ya watu hao hao uliowaambia. Nilifikiria kukwambia usiende. Nilifikiria kukwambia ukweli siku ile ile. Mdomo wangu, kama kawaida yake, ulikataa.

Badala yake nilikwenda kwa Shosho Marigu, nyanya yule mzee. Nilijua alikuwa rika moja na mama yako, na walilima pamoja. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikakaa nikachambua naye hadi nikapata nguvu ya kuuliza.

"Shosho, mama ya baba alikuwa akifanya nini baba akipata baridi mikononi?"

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Wewe ndiye mama yake, unaniuliza mimi?"

Halafu akaniambia. Alisema ulipokuwa mdogo, kabla uwindaji haujakatazwa, babu alikupeleka msituni kuwinda nungu, na msimu wa mvua msitu ule unatoa maji hata mvua ikiacha. Mama yako hakutaka uende, lakini hakukuzuia. Alichoma viazi vitamu viwili kwenye majivu, akavifunga kwa majani makavu ya mgomba, akakutilia kimoja kila mfuko. "Mkono ukipoa anautia mfukoni," Shosho alisema. "Akiona njaa, anakula dawa." Na kwenye vifundo vya mkono alikufunga vipande vya ngozi ya mbuzi. Shosho alinishika hapo, juu kidogo ya kiganja, mahali mshipa unapopiga. "Damu inapita hapa. Watu wanafunika vidole na kuacha hapa wazi. Funika hapa, vidole vitapata habari."

Nilirudi nyumbani nikakata mikono ya sweta yangu ya shule. Nilikunja pindo nikashona, nikatoboa tundu la dole gumba. Umeiona, ni hiyo ya kijani inayoanza kwenye kiwiko na kuishia kwenye kiganja, vidole vyote nje. Mama alipoona sweta isiyo na mikono alishika kiuno, lakini alipoona mikono ilikokwenda alichukua sindano kwangu akashona upya pindo la pili, akisema nimelishona kama gunia.

Na siku iliyofuata nikakupa viazi. Ulikuwa mlangoni, mvua inaanza. Ulikipokea cha kwanza ukakinusa. Hukukiingiza mfukoni upesi. Ulitazama upande wa mlima, kwenye msitu ule, ingawa ulikuwa umefunikwa na mawingu na hakukuwa na cha kuona.

"Nani alikwambia?"

"Shosho Marigu."

Ukakitia mfukoni. Kisha ukasema "Haya, mama," lakini hukulisema kama siku zote. Ulilisema kama mtoto. Najua hukuwa ukiniambia mimi peke yangu, na sikuona vibaya. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimesimama mahali mama yako aliposimama, na kwamba nilikuwa na kitu cha moto mkononi cha kukupa.

Lakini kiazi hakifungi kifundo. Vidole vilipata moto kidogo, vikapoa tena ukivitia udongoni. Jioni hizo bado nilikata nyasi. Hatimaye, nikiwa nachochea moto, nikajiuliza, kwa nini tunafunga vifundo shambani? Kwa sababu wewe ulifunga shambani, na aliyekufundisha alifunga shambani. Nikaanza kufunga jikoni, karibu na moto, mikono mikavu. Waya, uzi na kitanzi vyote vimeshakamilika, na mwisho wa uzi nikatia kulabu ndogo ya waya. Kila kimoja nikakizungushia ganda kavu la mgomba na kukipanga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Shambani hakuna cha kufunga. Unatoa kimoja, unakiweka kwenye njia ya fuko, unatundika kulabu kwenye ufito. Hata kwa kiganja unaweza. Hata kwa mkono uliokufa ganzi.

Nilikupa ule mkebe wiki iliyopita nikasema ni zawadi ya safari. Ulitikisa kichwa, ukasema mama amekuwa mvivu, anataka kufanya kazi akiota moto. Ukauchukua ukaenda.

Jioni hiyo sikutoka. Naomba ujue kwamba sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa kule jikoni. Mvua ilikuja kwa nguvu, ile ya mshazari inayoingia hadi chini ya mabati. Mama akasema, "Igoki, leo hukati nyasi?"

"Ng'ombe ameshiba."

"Amekwambia?"

Nilikalia mikono yangu. Nilifikiria kila shimo kwa mahali pake, la kwenye mfereji, la chini ya mparachichi, lile la kona ambapo udongo huporomoka. Uliporudi ulikuwa umelowa mpaka kwenye mfupa. Kulipokucha ulikwenda peke yako, na nilisikia miguu yako ikirudi, na hukuwa ukipiga mluzi. Nikasema basi, yameisha.

Uliingia na fuko mmoja. Ulimshika mkononi kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Mmoja tu," ulisema.

Mmoja tu! Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku, nikalia nyuma ya ghala kwa furaha. Mwanangu, yule fuko mmoja hakuna aliyemgusa ila wewe. Sikufunga upya, sikufukua, sikufunika. Ulitundika kulabu kwa vidole vyako wakati wa mvua mbaya kuliko zote za mwaka huu, ukiwa na kiazi mfukoni, na ukamkamata. Ndiyo sababu leo ninaweza kukwambia juu ya wale wengine. Nisingekwambia kama ningekuwa sina huyu wa kukupa badala yao.

Jambo moja bado linanisumbua. Nilipokuletea chai asubuhi ile ulikuwa umetoa kitanzi kimoja kwenye mkebe, unakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki kinazungukia kulia," ulisema.

"Ndiyo, baba."

"Nimeviona vingi vya kulia mvua hii." Kisha ukauliza kama kuna sukari.

Nimeyapindua maneno hayo wiki nzima. Nimekumbuka pia ulivyomwambia Mzee M'Ikiara kwamba unatega na binti yako, na mimi nilidhani ni ukarimu wako tu. Kama ulijua tangu mwanzo, basi asubuhi zote zile za mluzi ulikuwa unanipigia mimi, ili nisijue kwamba unajua. Sitaki unijibu. Kama ulijua, asante. Kama hukujua, sasa unajua, na bado asante.

Ruiri kuna baridi ya upepo, Mama Mwenda anasema haifanani na yetu, inakausha midomo huku inakulowesha mgongo. Viazi vitamu huenda usipate, lakini umezungukwa na viazi vingine, choma hivyo. Usifunge kwa meno, yale matatu ya mbele yanayotikisika yanatosha. Vidole vikikataa kabisa, kaa chini, ule viazi vyako, utazame shamba, kisha uamue. Na ukiamua kurudi nyumbani, rudi. Watu wa dukani wataongea siku mbili na nitapita mbele yao pamoja nawe, mimi ambaye sipiti mbele ya watu.

Vitanzi vikikaribia kuisha, mpe Mama Mwenda mkebe akija huko kumwona baba yake, umwambie ni mkebe wa mafuta wa mama. Nitaujaza jikoni na kuurudisha. Nitaandika juu yake neno mbegu, ili usifunguliwe njiani.

Nakuomba haya yakae kati yetu. Usimwambie Mzee M'Ikiara, usimwambie Mama Mwenda hata akifungua kifuniko na kuuliza. Mama yangu pia usimwambie, ingawa nadhani nyasi zilimwambia zamani. Na hili neno nililokuita katika barua hii, usilitaje ukirudi, wala usinichokoze nalo mbele ya watu. Lifiche kama ulivyoficha hayo mengine. Kuna siku utaingia na matope yako, nami nitakuwa nimejiandaa, nitalisema mwenyewe kwa mdomo.

Mama yako,
Igoki